Nilimwambia Dada Uchafu Unatoka Mjini

Nimekosa, jamani. Sitafuti wa kunitetea, nataka tu kulitoa jambo hili kifuani.

Mimi ni mkulima wa nyanya huku milimani, jirani na Kinole. Shamba langu liko kando ya kijito kinachoshuka hadi mto Ruvu. Nimesema langu? Astaghfirullah! Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa mama, na mama alituachia wawili, mimi na dada yangu. Dada ameolewa pwani, kule Ruvu inapoingia baharini, na anaishi kwa kukausha na kuuza kamba. Alipoondoka aliniomba nisiguse matete ya ukingoni, na dawa ya wadudu isiingie majini. Basi!

Nikaingia ubia na rafiki yangu, nitamwita Sadiki. Nusu yake, nusu yangu. Akasema matete yanakula nafasi bure. Tukayafyeka, tukapanda nyanya mpaka kwenye maji. Bomba la kupulizia dawa tukawa tunalisuuza hapohapo kijitoni, na jiwe la kusimamia nilimwonyesha mimi, kwa kidole changu hiki.

Siku moja dada akapiga simu analia. Maji ya kwao yamebadilika, kamba hawaonekani.

"Mdogo wangu, huko juu kuna nini?"

"Ni mjini huko, dada. Viwanda," nikamjibu, bila hata aibu.

Akaniamini! Akawakusanya wanawake wanne wa kikundi chao cha wauza kamba, wakaufuata mto waone uchafu unaanzia wapi. Mimi hakuniambia kwamba watapitia kwetu, alitaka kunishtukiza. Nimesimuliwa baadaye kwamba walifika wana kiu, akawasimamisha kwenye kivuko chini ya shamba.

"Kunyweni tu. Hiki kijito cha mama yangu, anakilinda mdogo wangu."

Wakanywa kwa viganja. Na yeye akanywa.

Wakapanda kidogo, wakamkuta Sadiki juu ya jiwe, bomba liko wazi, povu jeupe linateremka kulekule walikotoka. Mimi nilikuwa pembeni napalilia.

"Mimi kibarua tu, mama," Sadiki akawahi kusema. "Muulize mwenye shamba, ndiye aliyenionyesha hapa."

Kibarua! Mtu niliyekula naye sahani moja miaka mitatu! Aliniuza kweupe. Nikageuka nimtukane, nikakutana na uso wa dada. Nyuma yake wenzake wameinama wanatema mate, mmoja anajitia kidole kooni.

"Shikamoo dada."

Badala ya marahaba akasema, "Kumbe kiwanda ni wewe."

Walitapika tu, Mungu mkubwa, wakarudi salama. Lakini kikundi kimemfukuza dada. Wanasema alijua akawanywesha makusudi. Sadiki namlaani mpaka leo, ila yeye alinisaliti mara moja. Mimi nilimsaliti dada kila niliposuuza lile bomba.

Ninyi mnaolima juu ya mito, nawaomba! Choteni maji kwa ndoo, suuzeni mabomba yenu mbali na kijito, matete yaacheni. Na ukiulizwa uchafu unatoka wapi, usikimbilie kuutaja mji.

Nimeyapanda matete upya. Dada hapokei simu zangu. Kila mwaka alikuwa akinitumia kifurushi cha kamba wakavu. Mwaka huu kimefika kijijini, kimeandikwa jina la mjomba.