Pengo Akianguka

Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani na kazini aliitwa Pengo, maana meno yake mawili ya mbele hayakuwapo. Hakuyapoteza kwa ugomvi. Yaling'olewa na kijiko cha chuma, nacho kilishikwa na wafanyakazi wenzake waliomwona ameanguka kifafa, wakakimbilia kuuokoa ulimi wake. Wema usio na maarifa nao unaumiza, tena sana. Walipomaliza kumwokoa alikuwa anatema damu, na wiki haikwisha kabla hajaachishwa kazi.

Pengo alikuwa fundi wa masofa, na fundi kwelikweli. Tatizo lake lilikuwa kuficha. Kila alipoajiriwa alimeza vidonge vyake chooni kama mwizi, na kila mahali siku ilifika akaanguka mbele ya watu wasiojua lolote, unga ukamwagika. Mara tatu. Alipopata kazi ya nne, mke wake ndiye aliyekata shauri, huku akimpigia pasi shati.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mume wangu. Safari hii waambie wewe, kabla mwili haujawaambia."

Basi akaenda amedhamiria. Kabla hajashika nyundo, akaomba dakika kumi. Walikuwapo watu watatu. Bosi, mtu wa maneno ya kupima. Mshonaji wa vitambaa, ambaye wote walimwita Shangazi. Na mama mzazi wa bosi, Bibi, aliyekuja kila siku kupanga vifungo na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Pengo akawaeleza kwamba ana kifafa, kwamba dawa hakosi hata siku moja, lakini zipo siku ugonjwa unaipiga dawa chenga. Kisha akalala sakafuni, katikati ya mabaki ya sponji, awaonyeshe.

"Nikianguka hivi, zimeni mashine, ondoeni mikasi na misumari iliyo karibu. Wekeni kitu laini chini ya kichwa. Msinikandamize, acheni mwili utikisike mpaka umalize. Ukitulia, nigeuzeni ubavu, mate yatoke nje yasinipalie."

Bibi akaguna. "Na ulimi je? Si utaumeza?"

"Haumezeki, Bibi. Ungekuwa unamezeka, wambea wangekwisha zamani."

Shangazi akacheka. Bibi hakucheka. "Na lile povu? Sisi tuliambiwa likikugusa, nawe umeugua."

"Povu ni mate tu, na kifafa hakiambukizi. Sikilizeni, mtu mmoja atazame saa. Dakika tano zikipita bado natikisika, au nikitulia kisha nikaanza tena kabla sijazinduka, nipelekeni hospitali, msingoje. Maji msinipe mpaka niwe nawajibu vizuri. Na mdomoni msinitie kitu. Si kijiko, si kidole."

"Tumesikia," bosi akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Kusikia na kushika ni vitu viwili, na Pengo alilijua hilo. Kila Jumatatu, kabla ya kuanza kazi, aliwauliza, "Nikianguka?" nao wakajibu mmoja mmoja kama watoto wa darasa la kwanza. Bosi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye futi yake ya kupimia. Shangazi alilalamika kwamba hata mumewe hakuwahi kumchosha namna hiyo. Walichoka wao, yeye hakuchoka. Aliyefukuzwa kazi mara tatu hana nafasi ya kuona haya.

Mwezi wa pili, mchana, alikuwa akipigilia kitambaa mgongoni mwa sofa. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kumcheza. Akawahi kuweka nyundo chini, na kuanzia hapo hakujua kitu.

Alizinduka amelala ubavu, shavu juu ya sponji mpya ya mteja. Karakana ilikuwa kimya, mashine zote zimezimwa. Mwili ulimuuma kama aliyebeba matofali kutwa nzima. Suruali ilikuwa imelowa, lakini kuna mtu alishamfunika kwa kitambaa. Aibu ikamjaa hata hivyo.

"Dakika mbili na nusu," alisema Shangazi, amepiga magoti, simu mkononi. "Usiinuke kwanza. Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Vizuri. Bibi alikuja mbio na kijiko. Mwanawe akamshika mkono pale mlangoni, akamwambia, 'Mama, hapana.' Tangu nianze kazi hapa sijawahi kumsikia akimkatalia mama yake."

"Nilitaka kumsaidia tu," akasema Bibi. Alikuwa akimfuta Pengo mate kwa kilemba chake mwenyewe, huku amenuna.

"Najua, Bibi. Ahsante."

Bosi akaja, akachuchumaa mbele yake. Pengo hakuthubutu kumtazama. Sehemu tatu alizopita, neno lililofuata lilikuwa lile lile.

"Kesho ukiwa na nguvu, njoo," alisema bosi. "Ukiwa huna, njoo keshokutwa. Hili sofa simpi mtu mwingine alimalizie."

Pengo akalia pale pale sakafuni, mtu mzima na ndevu zake, mbele yao wote.