Kisirani na Dume la Sikio Moja

Kila Jumapili mume wangu Gharib hupiga hodi nyumbani kwake mwenyewe. Siku nyingine huingia tu kama watu wanavyoingia majumbani mwao, lakini Jumapili ni siku ya usasi, ya kuwinda nguruwe, na mimi mtu aliyeshinda na mbwa haniingilii ndani hivi hivi. Nyuma ya jiko humwekea ndoo ya maji, kopo la udongo na kikoi safi. Pale mate ya mbwa yalipomgusa huosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa katika chuo cha Kurani, ndipo huja mlangoni akasema hodi. Nami humwacha asimame kidogo kabla sijamkaribisha, asije akazoea.

Hapa Jambiani humwita Gharib wa Mbwa. Kazi yake hasa ni gari la ng'ombe: hubeba mawe, mchanga na magunia ya mwani, na kwa gari hilo watoto wetu wamesoma mpaka wakaolewa na kuoa. Lakini muulize habari za ng'ombe wake, atakujibu maneno mawili. Muulize habari za mbwa, chai yako itapoa. Siku ya posa alikuja na ami yake, na marehemu baba akamnusa tangu uani, akamwambia arudi akaoge. Akaenda, akaoga, akarudi. Baba akamrudisha tena, safari hii kwa kumjaribu tu. Akaja tena, nywele zinachuruzika maji, anacheka. Baba akatuambia huyu hata tukimfukuza hatoki, bora tumpe mke.

Basi nikapewa yeye na mbwa wake. Hukaa nje ya ukuta katika banda la makuti, na wana sufuria yao na mwiko wao. Ugali wao na vichwa vya samaki hupika mimi, kwa sababu Gharib akipika huunguza na moshi wote huja kwangu. Wakirudi wamechanika nyayo kwa yale majabali ya maweni, huwapaka mafuta ya nazi na manjano. Mafuta yangu na manjano yangu, na haombi.

Mkubwa wao ni Mtajiju, mbwa mwenye kifua kipana, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya jirani aliyelalamikia kelele. Mdogo wao ni jike moja la rangi ya mchanga, limekonda, sikio moja limelala. Lilikuwa likizurura pwani huko kwenye mahoteli, likawafuata wasasi mpaka nyumbani. Jina nililipa mimi. Nililiita Kisirani, kwa sababu siku lilipofika ndiyo siku dume la nguruwe la sikio moja lilipoingia shambani kwangu mara ya kwanza.

Shamba langu liko maweni, juu kidogo ya mji, mahali udongo unapopatikana kwa vishimo vishimo baina ya mawe. Limezungukwa na bigili, ule ukuta wa mawe tunaoupanga kwa mikono kuwazuia nguruwe. Dume lile lilikuwa haliujui huo ukuta. Lilikuwa nguruwe mwitu mzee, sikio moja limekatika, na hupiga mawe kwa pua mpaka yakaanguka. Lilikula muhogo wangu wa mwaka juzi, likala na wa mwaka jana, na wasasi wakalifukuza mara nyingi likawapotea. Mwaka huu dada yangu aliyeolewa Chwaka akaniletea mbegu nyingine, nikapanda upya mgongo ukiniuma. Siku niliyomaliza kupanda nikamwambia Gharib.

"Nnakwambia mapema. Nguruwe akila muhogo huu, mbwa wako waondoke. Siwezi kulisha mbwa wa kusasa na nguruwe pamoja."

"Sawa, Mwatima," alinijibu. Hakunitania hata kidogo, nikajua yamemwingia.

Muhogo ukatoka vizuri, majani yakanipita kimo. Ulipokaribia kuchimbwa, Jumapili moja asubuhi nikaenda shambani nikakuta bigili imelala na mistari ya mwanzo imefukuliwa yote. Nikarudi nyumbani nimevimba. Gharib alikuwa uani, keshavaa nguo zake za usasi, na usoni kwangu akayasoma yote bila kuambiwa.

"Nipe leo tu," akasema. "Jua likichwa na dume lile li hai, Damas awachukue."

Damas ni fundi wa mageti kutoka Amani, mjini. Wazee wake walitoka bara, yeye ni Mkristo, na akishasali misa ya alfajiri huja kwa pikipiki yake na gunia, maana sisi nguruwe tunamuua lakini hatumli. Siku nyingi alikuwa akimtamani Mtajiju na wenzake wakamlindie karakana yake. Kisirani hakumtaka. Aliniambia wazi kwamba yule hata kuku hamwogopi. Kwa hiyo nilijua, na Gharib alijua, kwamba wengine wakienda mjini yeye atabaki hana pa kwenda ila kurudi kuzurura pwani, apigwe mawe.

Nikasema hayo si yangu. Nikachukua jagi langu la maji na bakuli langu jeupe la maua, ambalo tangu nikiwa mwali sinywi maji ya shamba ila kwalo, nikaenda kupanga mawe.

Wasasi waliingia msituni kwa makelele, mbwa wakatia sauti, nikasikia Mtajiju akiongoza. Walilikuta dume mapema. Sauti zikaenda upande wa kusini, zikarudi, zikapotea. Mimi nikawa napanga jiwe juu ya jiwe na kusema peke yangu. Jua lilipokaa utosini Damas akatokea, viatu mkononi, akajitupa juu ya bigili yangu.

"Shikamoo Bi Mwatima."

"Marahaba. Usiniangushie ukuta."

"Mimi nshakwisha," akasema. "Nguruwe yule hakimbii, anatutembeza. Mbwa wakubwa wanatoka mbio, wanamfikia, anawageukia, wanarudi nyuma. Wakishapumzika, yeye keshafika mbali. Yule mdogo tu ndiye hapumziki. Hana mbio, lakini hapumziki."

Kabla ya alasiri wakarudi mmoja mmoja. Mtajiju alikuja ulimi umemtoka, akalala kivulini mwa ukuta wangu bila kuniomba ruhusa, na wengine wakalala ubavuni pake. Usi, mkubwa wa wasasi, akapuliza pembe yake kuwaita waliobaki. Alikohoa, akapuliza tena.

"Kwa leo basi," akasema. "Limetushinda."

"Gharib yuko wapi?" nikauliza.

"Nyuma ya yule mbwa wake. Tumemwita, hataki kusikia."

Hapo ndipo nilipotakiwa nifurahi, maana neno langu limesimama. Sikufurahi. Nilimfikiria yule mzee na miguu yake huko kwenye majabali, akifuata mkia wa kijibwa kisichofika hata magotini mwake, kwa sababu ya ulimi wangu.

Kisha nikasikia kubweka. Mara moja, kimya, mara moja tena, sauti imekauka kama ya mtu aliyeshinda akiita watoto.

"Yule mdogo bado yu nyuma ya dume," nikasema.

Damas akainua kichwa. "Huyo mbwa betri yake haiishi?"

Sauti ilikuwa ikija kwetu. Usi akawanyamazisha watu, wakashika mikuki, na mimi bado nimesimama mbele ya pengo nililokuwa sijalimaliza, jiwe mkononi. Majani yakatikisika, dume likatoka. Nilikuwa nimejiandaa kukimbia, lakini lilikuwa linatembea. Povu mdomoni, miguu inagongana, linatembea. Nyuma yake kidogo Kisirani naye anatembea, anachechemea, kichwa chini. Likisimama, anabweka, linakwenda tena. Na nyuma ya Kisirani akatoka Gharib, kiatu kimoja, fimbo mkononi, naye anatembea. Wote watatu walikuwa kama watu wa nyumba moja wanaorudi kutoka shamba wamegombana.

Nikalipisha njia. Dume lilipita penye pengo lake lile lile, likaenda kwenye kona ya bigili, likageuka. Kisirani akakaa kitako mbele yake, maana kusimama hawezi tena, akabweka. Likijaribu kutoka upande huu, anajiburura upande huo, anabweka. Halikupata njia mpaka Usi na wenzake walipofika na mikuki, na kazi haikuchukua muda.

Damas akapiga kelele ya furaha na maumivu yake yote yakapona. Lakini Gharib hata nguruwe hakumtazama. Alikuwa amepiga magoti, maana Kisirani alikuwa amelala ubavu, macho wazi, mbavu zinakwenda mbio mbio.

"Maji," akasema. "Mwatima, maji."

Chupa yake ilikuwa tupu, na chombo kilichokuwapo shambani ni kimoja tu. Wale wanaume wote walinitazama, maana wananijua. Nikamimina maji kwenye bakuli langu la maua nikalisogeza mbele ya pua yake. Hakuweza kuinua kichwa. Nikakaa chini, nikampakata kichwa kwa mkono huu wa kulia, nikamnywesha. Alilamba maji, akalamba bakuli, akanilamba vidole mpaka kiganjani. Ulimi wake ulikuwa wa moto. Mtoto wangu huyu, nikamwambia, kunywa, kunywa, na machozi yakanitoka mbele za watu.

Aliposimama, kwa kutetemeka, watu wakacheka kwa furaha. Damas alifunga mzigo wake juu ya pikipiki, kisha akanijia kwa adabu.

"Bi Mwatima, na wale mbwa nije kuwachukua lini?"

"Mbwa gani?" nikamuuliza.

Bakuli nililiacha bandani kwa Kisirani, pamoja na chupa ya mafuta ya nazi. Jua lilikuwa linakuchwa. Nyuma ya jiko tulisimama wawili mbele ya ndoo moja, na Gharib ndiye aliyenimiminia, akinihesabia kwa sauti kubwa kama mwalimu, akinisahihisha nilipotaka kuruka hesabu, na udongo akanipaka yeye mpaka kwenye kiwiko. Sijamwona akifurahi vile tangu harusi yetu.

Tulipomaliza, akatangulia mlangoni, akasimama kwa mazoea yake.

"Hodi," akasema.

Ndani hamkuwa na mtu. Tulisimama tukatazamana, mikono inachuruzika.

"Karibu," nikamwambia, nikamshika mkono tukaingia.