Kitambi cha Baba Nekesa

Nakumbuka Jumapili moja ya miaka ya tisini, jua la asubuhi limetulia juu ya nguo tulizoanika uani kule mtaani Umoja, harufu ya mafuta ya chipsi ikipanda ngazi taratibu, nami nikimtazama mume wangu akihangaika kufunga kifungo cha shati.

Mwanangu, siku hizo kitambi kilikuwa heshima. Baba Nekesa alikuwa fundi kiwandani, na kila alivyonenepa majirani walinisifu mimi. "Mama Nekesa, mzee unamlisha poa! Hiyo kitambi ni ya pesa!" Kichwa kikanivimba. Nikamzidishia mkate na siagi, soda, chai tamu, na viazi vya mafuta yaliyokwisha kuwa meusi.

Kisha akaanza kusinzia kila akila, kiu haimwishi, na kidonda cha mguuni kikakataa kupona. Daktari akamwambia ana sukari, na kwamba mwili wake ulikuwa ukiwaka ndani kwa ndani, polepole, bila yeye kujua. Akapewa dawa, akaacha vitamu na vya kukaanga. Kitambi kikapungua, kidonda kikaanza kufunga.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Miaka ile mtu akikonda, watu walisema ana ukimwi. Majirani wakaacha kunywa chai kwangu. Baba Nekesa akaona haya, akarudia chipsi na soda ili anenepe wamwache. Niliogopa sana, lakini nikampakulia.

Siku moja mama yake akaja kutoka Bungoma, amebeba unga wa wimbi na kunde zilizokaushwa. Nikamwandalia vya mgeni: chapati, nyama ya kukaanga, soda. Akautazama mguu wa mwanawe, kidonda kimefunguka tena. Akaisukuma sahani. Kwetu, mama kukataa chakula nyumbani kwa mwanawe ni jambo zito. Hata redio ya jirani niliisikia kama iko mbali sana.

"Mama, kula tafadhali," mume wangu akamsihi. "Nikikonda, watu watanizika nikiwa hai."

"Waache waseme," akajibu. "Wakisema leo, unawasikia. Siku watakayokusifu mbele ya jeneza, hutasikia kitu. Mama Nekesa, chemsha hizo kunde."

Tulikula kunde nyingi na ugali kidogo wa wimbi. Alikonda, kidonda kikafunga, na majirani wakasema mpaka wakachoka. Sasa hivi yuko hapo nje, anazozana na kuku waliokula mboga zake za sukuma wiki.

Basi mwanangu, usile ili majirani wakuone. Punguza soda, sukari na mafuta yaliyokaangiwa tena na tena. Kula mboga na maharagwe, tembea, nenda ukapimwe hata kama huumwi. Na mwenzako akikonda kwa kumtii daktari, nenda ukanywe chai kwake, hata kama haina sukari. Mungu akupe mwili mtulivu, na uzeeke mpaka wajukuu wachoke na hadithi zako.