Neno Moja Kwenye Chupa ya Dawa

Mwamvita Saidi aliuza pembejeo katika duka la Irfan, mtaa wa Isevya, mjini Tabora. Wakulima walimpenda kwa kuwa hakuwa na haraka. Kila chupa ya dawa aliwasomea maelezo yake kwa Kiswahili. Kiingereza alikiachia kidato cha pili, na kwa miaka mingi kilimtosha hivyohivyo.

Msimu mmoja wa alizeti ikaletwa dawa mpya ya wadudu yenye maelezo ya Kiingereza pekee. Mzee Jilala wa Kigwa, mkulima na mfugaji wa nyuki, akaomba asomewe. Mwamvita akasoma: "Do not spray during flowering unless the hives are closed." Maneno yote aliyajua, ila "unless" lilimpiga chenga. Alikumbuka kwa mbali kuwa ni ndugu wa "if", akalichukulia kuwa "kama".

"Alizeti ikiwa na maua, usipulize kama mizinga imefungwa."

"Kwa hiyo niiache wazi?"

"Ndivyo walivyoandika, baba."

Wiki iliyofuata Jilala alipiga simu. Nyuki walikuwa wametapakaa chini ya mizinga kama pumba zilizomwagika. Hakugomba, aliuliza tu kama alizidisha kipimo. Mwamvita akampelekea Irfan chupa nyingine ya dawa ile. Irfan akaisoma, akairudia, akashusha pumzi.

"Wanasema usipulize mpaka mizinga iwe imefungwa, dada. Umemwambia kinyume chake."

Mwamvita angeweza kunyamaza, maana mzee alikwisha kujilaumu mwenyewe. Usingizi ukamgomea. Asubuhi akaomba ruhusa, akapanda treni hadi Kigwa, akamkuta Jilala akifagia chini ya mizinga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuangalia?"

"Nimekuja kukwambia kosa ni langu. Kipimo chako kilikuwa sawa. Kuna neno nililisoma vibaya."

"Neno moja?"

"Moja tu."

Jilala akaegemea ufagio. Mwamvita alitamani atukanwe yaishe. Mwishowe mzee akamchukua hadi pembeni ya msitu, kwenye mizinga michache iliyokuwa bado ikivuma.

"Hawa walisalimika, nitaanza nao. Ila wewe, mwanangu, kalisome hilo neno. Mimi si mkulima wa mwisho kuja dukani kwako."

Hivyo ndivyo alivyofika kwa Mwalimu Hetvi, mzaliwa wa Tabora aliyestaafu na kufundisha Kiingereza sebuleni kwake. Hetvi alimwonyesha kwamba viunganishi ndivyo vinavyosema jambo lipi linategemea lipi, na kwamba "unless" hubeba ukanusho ndani yake. Hilo Mwamvita alilielewa upesi, alikuwa amelilipia. "Although" ndilo lililowagombanisha. Aliandika: "Although I was tired, but I came." Hetvi akalifuta "but".

"Mwalimu, mbona sisi twasema 'ingawa nilichoka, lakini nilikuja', na hakuna anayelalamika?"

"Kiswahili kinaruhusu. Kiingereza kinataka neno moja tu, yote mawili yanafanya kazi ileile."

"Kina ubahili."

"Kina ubahili," Hetvi akakubali, akacheka mpaka miwani ikateleza.

Alisoma mwaka mzima, akitoka dukani. Kigwa nako, mvua zilipochanuza msitu, makundi mapya ya nyuki yaliingia katika baadhi ya mizinga iliyokuwa mitupu, na Jilala akampigia kumpa habari.

Siku hiyohiyo Mwamvita akaamua kuwaandikia watengenezaji wa dawa, kwa Kiingereza chake mwenyewe. Akaanza: "Although your medicine is good, but our farmers..." Akasita, akalifuta "but", akaendelea: wakulima wengi hawawezi kusoma onyo hilo, kwa hiyo liandikwe pia kwa Kiswahili.

Jibu lilichelewa, hata akakata tamaa. Lilipokuja, alilisoma peke yake nyuma ya kaunta, taratibu, akisimama kwenye kila kiunganishi. Walisema wamekubali, na wangependa yeye aipitie tafsiri kabla haijachapwa.

"Wanasemaje?" Irfan akauliza.

"Ngoja," alisema Mwamvita. "Nirudie tena, niwe na hakika."