Siku Nilipomwita Baba Mkwe kwa Jina la Jikoni

Mwanangu, juzi niliwasikia wewe na wenzako mkiitana majina hapo nje. Moja lilinichekesha, lingine likanifanya niinamishe kichwa. Nilikumbuka siku moja pale kijijini Tulia, mtoni, nilipomwita baba mkwe wangu jina ambalo halikuwa lake, na jioni nzima nikawa nangoja kurudishwa kwetu.

Nilikuwa bado mke mgeni. Kwetu ni upande wa Makueni. Mume wangu alikuwa kibarua Makindu, akija nyumbani mwisho wa mwezi na mkate na sukari, nami nilikaa kwa wakwe pamoja na Mwikali, mke wa kaka yake. Sasa unajua, na kama hujui nikuambie, kwetu Wakamba jina ni habari. Mutuku alizaliwa usiku, Kioko asubuhi, huna haja ya kuuliza. Lakini jina la baba mkwe, mke wa mwanawe halitaji. Heshima si utumwa, walituambia, nasi tukakubali. Mzee yuko kaburini miaka mingi sasa na bado sijalitamka. Hata wewe sitakuambia.

Lakini wanawake wawili wanaopika chungu kimoja watamsemaje mtu asiye na jina? Na yule mzee, kila sahani ilipofika mbele yake, kabla hata hajaonja, alisema, "Hii haina chumvi." Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kunde, hata uji. Mwikali akampa jina Munyu, ndiyo chumvi kwa Kikamba. Ikawa Munyu amerudi, Munyu ameamka vibaya leo. Tulicheka tukiziba midomo kwa leso, tukiamini siri ni yetu. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, na jiko letu la nyasi halikuwa na ukuta wa kuzuia sauti.

Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima, maji unayachimbia. Siku hiyo mzee alikuwa ndani ya shimo lake, limemfika kifuani, akichota kwa kopo na kumimina kwenye hori la ng'ombe. Mimi nilikuwa ukingoni nikifunga kamba ya debe. Kwetu hapakuwa na tone la mvua, ila kule juu milimani wingu jeusi lilikuwa limekaa tangu asubuhi.

Ng'ombe ndio walioanza. Waliinua vichwa, wakaacha maji, wakapanda ukingo mbio. Kisha nikasikia mngurumo kwenye kona ya mto. Wewe umezaliwa daraja likiwepo, huijui sauti ile. Maji ya mvua ya mbali yakiingia mto mkavu hayabishi hodi.

Nikapiga kelele, "Nau! Nau!" yaani baba. Hakugeuka. Angegeukaje? Ukingo mzima ulikuwa na watoto wakiwaita baba zao, kila mmoja na nau wake. Jina lake lenyewe lilifika kwenye meno yangu, likakataa kutoka. Nilijichukia, mwanangu, nakwambia kweli. Nikafungua mdomo tena, na kilichotoka ni kile cha jikoni.

"Munyu! Munyu, toka!"

Akageuka papo hapo. Akaona ninakoonyesha, akatupa kopo, akajivuta nje kwa viwiko. Maji ya matope yakapita na hori, na shimo, na debe langu. Mzee alisimama ukingoni akihema, akinitazama, kisha akafuata ng'ombe wake.

Nilishukuru Mungu kwamba yu hai. Nilipofika nusu ya njia ndipo nikakumbuka nimemwita nini, tena mbele ya watu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwikali aliposikia alikaa chini kabisa.

"Sisi tumekwisha," akasema. "Watatutoza mbuzi, halafu waturudishe kwetu."

Jioni ile nilipika chakula. Mama mkwe akampelekea mzee chakula, sisi tukabaki jikoni tukitega masikio. Kisha tukasikia sauti yake, juu kidogo ili itufikie, maana hakuwa na desturi ya kutusemesha wenyewe.

"Mwambie yule msichana wa Makueni, leo chumvi imetosha."

Mama mkwe alirudi akicheka mpaka machozi. Alipomaliza kucheka akaketi karibu yangu, na uso ukawa mkali.

"Nyinyi mlifikiri hajui? Alijua tangu mwanzo. Yeye mwenyewe huniuliza, leo wanasema Munyu amefanya nini? Sasa sikia, mtoto wangu. Mna bahati mlimpa jina la kitu ambacho kila nyumba inakitaka. Mngempa jina la kumvua nguo, hilo pia angelijua, na leo ungeliita akabaki kwenye shimo na hasira zake. Mtu hageukii tusi."

Baadaye hata wanaume sokoni walimwita Munyu, naye akaitika. Kifungua mimba wangu amerithi jina la babu yake, kama ilivyo ada, kwa hiyo mtoto wangu mwenyewe siwezi kumwita jina lake. Namwita Munyu. Ana mvi sasa, na nikimwita bado anakuja.

Basi taniana na wenzako, mwanangu. Utani si dhambi, na asiye na jina la utani huenda hana wa kumtania. Lakini kabla hujambandika mtu jina, jiulize kama unaweza kulipaza siku maji yanakuja, na mwenyewe akageuka. Yule mwenzenu mnayemwita kwa ule mguu wake, mtafutieni jina lingine leo hii. Nilimwona juzi. Mlimwita mara ya kwanza hakugeuka, na masikio yake ni mazima.

Mungu akupe watu wa kukuita, akupe na moyo wa kuitikia. Na popote utakapokula, chumvi itoshe.