Ukoo Uliokufa kwa Presha

Kwa kuwa nafanya kazi wizarani, Mtumba, na kushinda na mafaili, ukoo ulinipa kazi ya kuandika historia za marehemu, zile zinazosomwa makaburini kabla jeneza halijashushwa. Niliandika ya babu, nikaandika ya baba. Kote niliambiwa niweke sababu ileile: presha. Nikaweka. Presha ya ukoo wetu ilikuwa na bidii kuliko mtumishi yeyote wa wizara yetu.

Kisha shingo yangu ikaota kinundu. Daktari aliyeniondolea tezi ya shingo alinieleza kwamba ugonjwa huu hurithiwa. Huotesha uvimbe pia kwenye tezi ndogo zilizokaa juu ya figo, na uvimbe huo ndio unaopandisha presha ghafla na kumlowesha mtu jasho. Kila mtoto wa mwenye nao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuupata. Ukigunduliwa mapema, hutibika. Neno hilo la mwisho lilinikasirisha sana, maana baba alitibiwa kwa maombi na vidonge alivyomeza siku alizokumbuka.

Nilimbembeleza mdogo wangu akapimwe. Kichwa kilikuwa kikimgonga, na jasho lilimtoka hata asubuhi za baridi ya Juni.

"Baba mkubwa amesema ni presha tu, dada," alijibu. Ana watoto wawili.

Mwaka huu shangazi, dada wa baba, alifariki kijijini kwetu, Haneti. Picha za hospitali zilikuwa zimeonyesha uvimbe juu ya figo, lakini tulichelewa. Baba mkubwa, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, aliniita kando ya zizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeandika presha?"

"Nimeandika kilichomuua."

"Futa. Nani ataoa binti zetu akisikia damu yetu ina kasoro? Andika presha, mwanangu."

Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni, akadhani nimetii. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi kilishatuumbua mara tatu.

Makaburini nilisoma alikozaliwa, alikobatizwa, mashamba ya uwele aliyolima, kwaya aliyoimbia. Nilipofika kwenye sababu, nilivua mtandio shingoni ili wote wauone mshono.

"Shangazi hakufa kwa presha tu. Alikuwa na uvimbe kwenye tezi, na naamini ndio uliomuua baba na babu. Mimi nimeurithi. Tuliobaki tukapimwe."

"Keti," baba mkubwa alisema.

"Sijamaliza, baba."

Nikaisoma tena sababu ileile, polepole, kwa sauti kubwa zaidi. Haya sikuona hata chembe.

Wakati wa chakula watu walinikwepa kama mwenye upele. Mdogo wangu ndiye aliyekuja kuketi kwenye mkeka wangu, wali wake haujaguswa.

"Basi la kwanza la mjini linaondoka saa ngapi kesho?" aliuliza. "Na watoto wanapimwa wakiwa na njaa, au niwalishe kwanza?"