Shimo la Panya

Mtu wa Kitwe akitaka kuhamisha mashine nzito humtafuta Jailosi Newa, na siku hizi wengi humchoka kabla kazi haijaanza. Zamani alikuwa mtu wa maneno. Sasa anafika, anaizunguka mashine yako kimya, kisha anachukua mtaimbo na kuigonga sakafu kutoka ilipo mashine hadi mlangoni. Akimaliza anarudi kuigonga upya. Mwenye karakana anatazama saa, anauliza kama mzee anatafuta dhahabu. Newa hajibu. Ninayejibu ni mimi, Silwamba, kwa sababu ndimi ninayeendesha winchi yake tangu mgodi ulipotuachisha kazi, na kwa sababu mdomo wangu haujui kukaa. Namwambia mwenye karakana akaketi pembeni anywe maheu yake. Mashine ni ya kwake, lakini miguu itakayokuwa karibu nayo ni yetu.

Kazi yenyewe haina uchawi. Mashine huinuliwa kwa jeki upande mmoja, kidogo kidogo, huku tukisukumia mbao chini yake ili jeki ikiteleza isimwangukie mtu. Kisha tunaingiza kobe. Kobe ni vigari vya chuma, vifupi na vinene, vyenye magurudumu madogo magumu; tuliviita hivyo kwa kuwa viko chini chini, vina mgongo bapa na havina haraka. Mmoja hukaa mbele na mpini wa kugeuzia, wawili hukaa nyuma, huku na huku. Mashine ikishawakalia kobe hao, kitu ambacho kundi zima la wanaume lisingekitikisa hukokotwa na winchi moja, tena kwa mwendo wa mgonjwa aliyeamka kitandani leo. Hapo ndipo penye hatari. Mashine juu ya kobe huonekana nyepesi, na binadamu akiona kitu chepesi huacha kukiogopa. Kwa hiyo tunafagia, maana kokoto moja inatosha kushika gurudumu. Penye ufa tunatandika mabamba ya chuma. Anayeamuru ni mmoja tu, Newa, na sisi wengine wote tuna ruhusa ya neno moja: simama.

Newa ni Mngoni wa Chipata. Aliyekuwa akimchungia kobe wa nyuma upande wa kushoto alikuwa Kapembwa, Mbemba wa Kasama. Anayejua utani hahitaji kuelezwa zaidi. Mngoni anakula panya, Mbemba anakula nyani, na tangu babu zao walipochoka kuchomana mikuki ndivyo wanavyotupiana, na hakuna mwenye ruhusa ya kununa. Mimi ni Mnamwanga wa mpakani, sikuwa upande wowote, nilikula matunda tu. Sisi wengine tulimwita kiongozi wetu ba Newa, kwa ile ba tunayomtangulizia mtu mzima kwa heshima. Kapembwa hakuwahi kumpa hata siku moja. Mtani hapewi ba. Alimwita mla panya mbele ya wateja, mbele ya mchungaji, mbele ya mama mkwe wake Newa alipokuja kutoka Chipata, na yule bibi alicheka mpaka akakohoa.

Kuna siku, tukiwa katika kazi nyingine, Kapembwa alipiga kelele kwamba kobe wake amepasuka. Newa alikuja mbio, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya mashine. Juu ya kobe alikuta panya mkavu, amelazwa chali, amenyunyiziwa chumvi. Kapembwa akamwambia hiyo ndiyo mboga yake, asije akasema hakutunziwa. Tulicheka siku hiyo, tukacheka na wiki iliyofuata, na kila tulipokaa kula nshima kulikuwa na mtu wa kumuuliza Newa kama ameona chumvi. Newa naye alicheka. Lakini niliona limemkaa. Alikuwa mtu anayejivunia macho yake, na macho yake yalikuwa yamedanganywa mbele ya vijana.

Sasa nieleze siku yenyewe. Ilikuwa karakana ya zamani upande wa viwandani, na mashine ilikuwa ile ya kukunja mabati: ndefu, nyembamba chini, uzito wote uko juu. Lori lilikuwa linangoja nje. Newa alitangulia, akitembea kinyumenyume, mkono juu. Kapembwa alikuwa ubavuni kushoto na mtaimbo wake. Mimi nilikuwa mlangoni kwenye winchi, inanivumia masikioni. Tulikuwa tumefika katikati ya sakafu Kapembwa alipoita.

"We mla panya! Hapa chini pana shimo, njoo ujipatie mboga."

Tulicheka. Newa akamrudishia palepale: "Kula wewe, nyani, mimi leo nimeshiba. Vuta!"

Nikavuta.

Chini ya ile saruji kulikuwa na mtaro wa zamani uliofunikwa kijuujuu, na aliyeufunika nadhani alishakufa. Kobe wa kushoto alizama. Mashine iliinama taratibu, kisha haikuinama tena taratibu. Kapembwa alikuwa ameinama kutazama gurudumu, upande uleule. Hakulia. Tulipomtoa alikuwa ameshaondoka.

Walikuja wakaguzi. Waliuliza kama kuna mtu aliyesema simama, na Newa akajibu kwamba hakuna, na hilo lilikuwa kweli, sote tukaapa. Wakasema ni sakafu, wakasema ajali haina kinga. Msemo huo nauchukia. Aliyeutunga hajawahi kupitisha mkono chini ya mashine.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Newa aliliona peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, ameikabili mashine. Nilikuja kulijua baadaye, ila naliweka hapa ili msicheke pale tulipocheka sisi. Kabla ya kuita, Kapembwa aliigonga sakafu kwa mtaimbo, mara mbili. Mara ya kwanza kama anapita tu, mara ya pili kwa kusikiliza. Na sakafu ilijibu tupu.

Msibani kwa Mbemba, Mngoni ndiye mwenye shughuli. Ndiye anayewabeza wafiwa, anayedai apewe viatu vya marehemu, anayemwigiza alivyokuwa akitembea. Bila yeye watu wangekaa na kilio mpaka kiwaue. Newa hakuwa na pa kukimbilia. Tuliporudi kutoka makaburini, wanaume tukiwa uani kwenye magogo na wanawake wamekaa chini mlangoni, alitokea amevaa ovaroli na kofia ngumu ya Kapembwa. Watu wakaanza kuguna kicheko kabla hajafungua mdomo. Dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mpana wa sauti ya sokoni, akamkabili kama desturi inavyotaka.

"Haya, mla panya. Nani kamuua nyani wetu?"

"Mimi," akasema Newa. "Nimemuua mimi. Aliniambia pana shimo, nikamwambia kula wewe."

Uani kulilipuka. Mtu akauliza ngozi ameiuza wapi. Newa akapiga magoti kwenye vumbi, akavua ile kofia.

"Jamani, sitanii. Nimemuua kweli."

Sasa, mtani akisema hatanii, kuna utani mtamu kuliko huo? Watu walishikana mabega. Machozi yalikuwa yanamtoka Newa waziwazi, na kila mtu akamsifu kwa jinsi anavyojua kulia. Dada wa marehemu alichota majivu akammwagia kichwani, akamwambia machozi ya mla panya hayana chumvi, chumvi yote imeishia kwenye mboga. Mimi nami nilicheka, nisiseme uongo.

Na Mama Chanda akacheka. Huyo ndiye mjane. Tangu siku ile alikuwa hajala, hasemi, wanawake wanampokezana kama mzigo. Alianza kwa kutikisika mabega tukadhani analia, kisha sauti ikatoka, akacheka mpaka akamwegemea jirani yake, akaomba maji, na baada ya maji akaomba uji. Newa alimwona akiupokea uji. Akabaki amepiga magoti kidogo, majivu yanamchuruzika usoni. Halafu akainuka, akavaa kofia, akaanza kucheza, makalio nje, jinsi Kapembwa alivyokuwa akicheza siku za mshahara. Aliimaliza shughuli ya watu mpaka mwisho.

Baada ya hapo maneno yalimwisha. Tulidhani ni majonzi, na majonzi huwa yana siku zake. Yeye akazidi. Akawa haingii kula na sisi. Vijana wakitaniana mashine ikiwa juu ya kobe, anasimamisha kazi na kuondoka, anakwenda kusimama nje. Na ile gongagonga. Siku moja katika karakana mpya kabisa, sakafu hata haijachafuka, niliushika mtaimbo wake.

"Ba Newa, hii saruji ni ya juzi. Unagonga nini?"

Ndipo aliponieleza jinsi Kapembwa alivyogonga mara mbili. Nilifanya kama rafiki yeyote angefanya, nikamtafutia mlango wa kutokea. Nilimwambia kanuni anazijua, neno ni simama, na Kapembwa hakulisema.

"Alisema, Silwamba," akanijibu. "Alisema kwa lugha yetu. Na mimi niliisikia sakafu. Nilijua pale si pazuri. Lakini nilimkumbuka yule panya wa chumvi, nikasema leo hanipati. Nimemuua mtu kwa sababu sikutaka kuchekwa."

Wahenga walishalisema, mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini huwezi kumwambia mtu methali wakati usaha wenyewe unamtoka mbele yako. Akaniambia anataka kwenda kwa Mama Chanda, na kwamba akienda peke yake atageuka njiani. Nilimshauri asiende. Mwanamke alikuwa ameanza kusimama, anauza dagaa soko la Chisokone, watoto wanasoma. Nilimuuliza anakwenda kumpelekea nini, ukweli au mzigo wake mwenyewe. Akasema hajui, lakini hawezi tena kupita pale akiitwa mla panya kwa sauti ya furaha.

Tulikwenda kwake Chamboli Jumapili baada ya ibada. Mama Chanda alituona tangu barabarani, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mla panya huyo! Chanda, funika vyungu, na paka umwite ndani, huyu atamnyang'anya kitoweo."

Newa hakumrudishia. Alivua kofia. Aliletewa kigoda, akakisogeza kando, akaketi chini sakafuni. Nilimwona yule mama akiacha kutabasamu, si kwa mara moja. Mngoni aliyeingia nyumba ya Mbemba bila tusi amekuja na jambo. Akawaambia watoto watoke nje.

Newa alisema yote, bila kujiongezea wala kujipunguzia. Hata habari ya panya wa chumvi aliisema, ambayo ndiyo ya aibu kuliko zote, kwa vile ni ndogo. Mama Chanda alisikiliza akiwa ameshika ncha ya chitenge chake.

"Aligonga, ukasikia?"

"Nilisikia."

"Na wewe ndiye mwenye kusema vuta."

"Ndiyo, mimi."

Nje watoto walikuwa wanafukuzana na jirani alikuwa anatwanga. Nilitamani apige kelele, au amrushie kitu, nilikuwa hata nimejiandaa kumkinga.

"Siku ile ulisema," akasema hatimaye. "Ulisema mbele yangu, umepiga magoti. Mimi nikacheka. Nikaomba na uji."

Newa alitaka kusema kitu, akainuliwa mkono anyamaze.

"Umenichekesha kifo cha mume wangu," akasema Mama Chanda. Kisha akasimama, akajifunga vizuri chitenge chake, akatusindikiza mpaka mlangoni kama wageni wanavyosindikizwa. "Nimesikia. Nendeni salama, ba Newa."

Ba Newa. Mimi niliitikia ile kwaheri. Yeye alikuwa ameshika mwimo wa mlango, na ilibidi nimvute mkono.

Watu wa nje wakiwaona leo watasema hawa wameelewana vizuri. Newa hanunui dagaa kwa mtu mwingine. Anapanga foleni kwenye meza ya Mama Chanda kama wengine, na mama huyo anampimia kopo lililojaa sawasawa, halipungui. Anamsalimia kwa kupiga makofi taratibu na kukunja magoti, anamuuliza hali ya mke, hali ya kazi. Wabemba wengine pale sokoni humwita Newa kila tusi la panya walilonalo, naye huwatikisia kichwa tu. Masikio yake yako kwenye meza moja.

Mwezi uliopita nilikuwa naye. Mama Chanda alikuwa amempimia, anafunga mfuko, na sijui ni nini kilimpa Newa moyo, pengine kwa kuwa alikuwa amemsikia akicheka na mteja aliyetangulia. Alichungulia mfuko, akakohoa. Sauti yake ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayekanyaga sakafu asiyoijua.

"We nyani," akasema. "Mbona dagaa wako wana mchanga?"

Wanawake wa meza za jirani waligeuka, tayari kucheka. Mama Chanda aliuchukua ule mfuko, akaufungua, akawamwaga dagaa wote kwenye ungo, akapima wengine wasafi zaidi.

"Nisamehe, ba Newa," akasema, akimkabidhi kwa mikono miwili. "Nimekubadilishia."